Mita Kumi za Ziwa Tanganyika na Mlima Ulio Nyuma ya Nyumba

Utangulizi

Mwezi wa Mei 2024 nilirudi nyumbani Gitaza, katika tarafa ya Muhuta, nikakuta maji ya Ziwa Tanganyika yamefika kwenye shina la mwembe wetu. Nilipokuwa mtoto, mimi na binamu zangu tulikuwa tukishindana mbio kutoka kwenye mwembe huo mpaka ufukweni, na aliyefika mwisho alipewa kazi ya kuchota maji. Sasa mtumbwi wa jirani ulikuwa umefungwa kwenye mti huohuo.

Nyumbani kulikuwa na ugomvi. Baba alikwisha kununua matofali. Alitaka kubomoa nyumba yetu na kujenga nyingine nyuma zaidi, kwenye kiwanja kilichoko chini ya mlima, mahali ambapo kijito kinatokeza. Babu, ambaye amevua ndagala na mukeke katika ziwa hili maisha yake yote, alikataa. Alisema haendi kulala pale. Hakutoa sababu ndefu, na baba aliona kuwa huo ni ukaidi wa uzee.

"Wewe ndiye uliyesoma," baba aliniambia. "Tupimie. Maji yakirudi yalikokuwa zamani, yatafika wapi?"

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili mjini Bujumbura, lakini sekondari nilisoma sayansi, na hesabu moja niliyoikumbuka vizuri ni ile ya nishati ya kitu kinachopanda au kushuka. Katika insha hii nitaeleza jinsi hesabu hiyo ilivyoniongoza kwenye historia ya ziwa letu tangu karne ya 19, nilivyoikosea mara mbili, na kwa nini ninaamini kwamba historia ya mwambao wa Muhuta haiwezi kuandikwa kwa kutazama ziwa peke yake.

Mzigo wa babu

Nianze na jambo dogo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Babu alipokuwa na nguvu, alipandisha ndagala kutoka kwenye mtumbwi mpaka barabara ya taifa namba 3, ile inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge, ambako wachuuzi walimsubiri na magari. Kutoka majini mpaka barabarani hapo kwetu ni kupanda kama mita 20 kwenda juu. Tuseme mzigo ulikuwa wa kilo 30.

Kitu kilichoinuliwa huwa na nishati kwa sababu tu kiko juu. Wanafizikia huiita nishati tuli ya mvutano: imetulia, haionekani, lakini ukikiachia kitu hicho utaiona. Ili kupata mabadiliko ya nishati hiyo tunazidisha vitu vitatu: kilo za kitu, nguvu ya mvutano wa dunia kwa kila kilo, ambayo ni takribani 9.8, na tofauti ya kimo kwa mita. Jibu linapatikana kwa jouli.

Kwa mzigo wa babu: 30 × 9.8 × 20 = jouli 5,880.

Mambo mawili katika hesabu hii yatatusaidia mbele. La kwanza ni sifuri. Mimi nimeiweka sifuri kwenye uso wa ziwa. Mwingine anaweza kuiweka kwenye usawa wa bahari. Kwake, mtumbwi uko kwenye mita 777 na barabara kwenye mita 797. Mzigo ukiwa mtumbwini utakuwa na jouli 228,438 na ukiwa barabarani jouli 234,318. Namba zake ni kubwa kuliko zangu, lakini akitoa moja kutoka kwa nyingine atapata 5,880 ileile. Sifuri unaweza kuiweka popote, ila mwanzo na mwisho wa safari huwezi kuvihamisha.

La pili ni njia. Babu alikuwa na njia mbili, ya ngazi za mawe na ya kuzunguka kwenye michikichi. Ya kwanza ilimchosha magoti, ya pili ilimchelewesha. Mzigo wenyewe haukujua tofauti, kwa kuwa ulipofika barabarani uliongezeka jouli 5,880 kwa njia yoyote. Hesabu hii, kwa hiyo, haisemi kitu juu ya muda uliotumika. Nilipokuwa sekondari niliona huo ni urahisi wake. Baadaye niligundua kuwa hapo ndipo inapoweza kutupotosha.

Ziwa lilivyokuwa juu

Ili kumjibu baba ilinibidi nijue maji "ya zamani" yalikuwa wapi. Jibu la wazee wengi wa kwetu ni 1964. Lakini ziwa lina historia ndefu kuliko hapo, na sehemu yake iliyoandikwa inaanza na wageni waliofika Ujiji kwa njia ya misafara ya Waswahili na Waarabu.

Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, wakapanda mitumbwi kuelekea kaskazini mpaka Uvira. Swali lao kubwa lilikuwa la mto Rusizi: je, unaingia ziwani au unatoka? Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifuata swali hilohilo. Walitoka Ujiji kwa mtumbwi wakipita kandokando ya mwambao wa mashariki, maana yake walipita mbele ya Muhuta, wakafika mpaka kwenye Rusizi na kuona kwamba unaingia ziwani. Jiwe la ukumbusho wa safari yao liko Mugere, kaskazini kidogo ya kwetu, na limeandikwa tarehe 25 Novemba 1871.

Kama Rusizi unaingia, maji yanatokea wapi? Mwaka 1874 Cameron alifika kwenye Lukuga, upande wa magharibi wa ziwa, karibu na mahali ulipo mji wa Kalemie leo. Alikuta mlango wa mto umezibwa na majani na matete, maji yakijipenyeza polepole. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka ziwa lote. Huko Ujiji aliona maji yamekula sehemu ya ufukwe alioufahamu tangu 1871, na kwenye Lukuga alikuta kizuizi bado kipo. Ziwa lilikuwa linajaa kama ndoo isiyo na tundu.

Halafu kizuizi kikaachia. Edward Hore, mmisionari aliyekuwa baharia, alifika Ujiji mwaka 1878, akaanza kuweka alama za kimo cha maji. Mwaka uliofuata aliuona mto Lukuga ukitiririka kwa nguvu kuelekea Kongo, na mwishoni mwa 1879 msafiri Joseph Thomson naye akauona hivyo. Maji yaliyokuwa yamefika karibu mita 783 juu ya usawa wa bahari yalishuka mwaka hadi mwaka. Katikati ya miaka ya 1890 yalikuwa karibu mita 773. Katika miaka kama 16, ziwa zima lilikuwa limeshuka mita 10.

Ninaomba msomaji aitazame namba hiyo akiwa amesimama Muhuta. Ardhi yote ya mwambao wetu iliyo chini ya mita 783 ilikuwa ndani ya maji wakati Hore anafika Ujiji. Kwenye genge lenye mawe, mita 10 za kwenda chini zilifunua ukanda mwembamba tu. Kwenye tambarare ya Rumonge zilifunua ardhi pana, ambayo vizazi vilivyofuata viliona kama ardhi ya siku zote, vikapanda michikichi na kujenga nyumba na masoko.

Hesabu ya mita kumi

Nilitaka kujua ziwa lilipoteza nishati kiasi gani kwa kushuka huko. Ziwa Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi. Ukitoa tabaka la maji la mita 10 juu ya eneo hilo unapata mita za ujazo bilioni 329, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, hizo ni tani bilioni 329.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilizidisha tani hizo kwa 9.8 na kwa mita 10. Mwenzangu mmoja wa darasa, anayetoka Rumonge, aliposoma rasimu yangu aliniuliza: "Maji yote hayo yalikuwa juu kwa mita 10?" Nilinyamaza. Ukiweka sifuri kwenye mita 773, ni maji ya juu kabisa tu yaliyokuwa kwenye kimo cha mita 10. Yale ya chini ya tabaka yalikuwa karibu na sifuri yenyewe. Kimo cha kutumia ni cha katikati, yaani mita 5. Jibu langu lilikuwa mara mbili ya ukweli.

Hesabu sahihi ni kilo trilioni 329 × 9.8 × 5, ambayo ni takribani jouli 16 ikifuatwa na sufuri 15. Namba kama hiyo haina sura, kwa hiyo nimetafuta kipimo cha karibu na kwetu. Kwenye mto Mugere kuna kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1982, chenye uwezo wa megawati 8. Kituo hicho kingelazimika kufanya kazi usiku na mchana, bila kusimama, kwa zaidi ya miaka 60 ili kitoe nishati sawa na ile.

Hiyo ni nishati ukihesabu kushuka mpaka mita 773 tu. Lakini maji yaliyotoka hayakuishia hapo. Yaliteremka na Lukuga mpaka kwenye mto Lualaba, zaidi ya mita 200 chini ya ziwa. Ukiyafuata mpaka huko, nishati iliyotumika inakuwa zaidi ya mara 40 ya ile ya kwanza. Yote ilimalizikia wapi? Ilikwangua mlango wa Lukuga, ikaviringisha mawe, ikabeba matope, na nyingine ikageuka joto dogo lisilohisiwa na mtu. Hesabu zote mbili ni sahihi. Zinatofautiana kwa sababu kila moja imechagua mwisho wake, na mwandishi anayetoa moja bila kusema amesimamia wapi hajamweleza msomaji kitu.

Ziwa linarudi

Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961 ziliinua maziwa mengi ya Afrika Mashariki. Tanganyika lilipanda mpaka 1964, likafika karibu mita 777. Babu alikuwa mvulana wa miaka kama 12. Anakumbuka kwamba baba yake alihamisha jiko kwanza, halafu mbuzi, halafu watu. Anakumbuka pia kwamba hakuna aliyekufa kwa maji ya ziwa. "Ziwa lilikuwa linakuja kama mgeni anayepiga hodi," aliniambia. "Leo liko kwenye jiwe hili, wiki ijayo liko kwenye lile. Ulikuwa na wakati wa kubeba sufuria zako."

Baada ya hapo maji yalirudi nyuma tena, na watu wakarudi mbele. Kuanzia 2020 ziwa likaanza kupanda upya. Gatumba ilifunikwa na maji ya Rusizi na ya ziwa, mitaa ya ufukweni ya Rumonge ikaingiliwa, na mwezi wa Aprili 2024 serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada kwa ajili ya walioathirika. Kimo kilikuwa kimekaribia tena mita 777, sawa na kile cha 1964.

Basi nikampimia baba. Fundi mmoja alituazima mpira wake mweupe wa kupimia usawa, ule unaojazwa maji ili yasimame sawasawa pande zote mbili. Mimi na binamu yangu tulianza kwenye uso wa ziwa tukapanda kwa fimbo ya mita moja na nusu, hatua kwa hatua. Kizingiti cha nyumba yetu kilikuwa mita 4 juu ya maji. Hatua ya nne ya fimbo, yaani mita 6, ilitufikisha kwenye parachichi lililo nyuma ya jiko. Hapo ndipo ulipopita mstari wa maji wa miaka ya 1870. Nyumba niliyozaliwa imejengwa ndani ya ziwa la zamani.

Baba alifurahi, kwa maana ya kwamba alishinda. Kiwanja chake cha nyuma kiko juu ya mstari huo. Tena kiko mbali na maji kuliko mita 150, ambazo sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imeziweka kandokando ya Ziwa Tanganyika. Nilimwambia kuwa hesabu iko upande wake.

Kwa haki, nilimwambia pia kwamba ziwa lina kazi kubwa mbele yake kabla ya kufika kwenye parachichi. Kutoka 773 mpaka 777 limepanda mita 4 kati ya 10, lakini kwa nishati ni chini ya sehemu moja ya sita ya ile iliyopotea, kwa sababu tabaka likiongezeka maradufu, kilo zinaongezeka maradufu na kimo cha katikati kinaongezeka maradufu vilevile. Isitoshe, mlango wa Lukuga uliokwanguliwa baada ya 1878 sasa uko chini kuliko ulivyokuwa. Maji yakipanda, yanatoka kwa kasi zaidi.

Babu alisikiliza yote. Kisha akauliza: "Mmepima kutoka majini kwenda juu. Na kutoka kule juu kuja hapa, mmepima?" Aliuelekeza mkono wake mlimani.

Nyuma yetu kuna mlima

Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Muhuta iko chini ya Mumirwa, ile miteremko mikali inayopanda kutoka ziwani mpaka kwenye safu ya Kongo-Nili, ambayo inapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka kwetu huhitaji kutembea mbali ili uone udongo mwekundu ukining'inia juu ya paa za watu. Udongo huo nao una nishati tuli. Mwaka 2015, mwaka uleule mkoa wa Rumonge ulipoundwa na Muhuta ikatiwa ndani yake, mvua iliuachia. Udongo na mawe viliteremka Gitaza, watu wakafa, nyumba zikabomoka, na barabara namba 3 ikazibwa. Nilikuwa shule ya msingi. Ninakumbuka sauti, halafu ukimya, halafu watu wakiitana majina gizani.

Nilichukua kalamu upya. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ina kilo kama 2,000. Ikishuka mita 200, inaachia 2,000 × 9.8 × 200, yaani jouli 3,920,000. Hiyo ni sawa na mizigo zaidi ya 660 ya babu ikiangushwa kwa pamoja kutoka barabarani mpaka majini. Na hiyo ni mita moja tu ya ujazo, udongo unaoweza kujaa kwenye gari dogo la mizigo.

Tuchukue sasa, kwa mfano tu, kipande cha mlima chenye urefu wa mita 100, upana wa mita 50 na kina cha mita 4. Kina mita za ujazo 20,000. Kikishuka mita 200 kinaachia jouli bilioni 78.4. Ukilinganisha na nishati ya ziwa lililoshuka mita 10, hii ni tone. Ziwa lilipoteza zaidi ya mara 200,000 ya hiyo. Mtu anayetazama jouli peke yake atasema: liogope ziwa.

Lakini nilikwisha kusema kwamba hesabu hii haiulizi muda. Tukiugawa muda, picha inageuka. Ziwa lilitumia miaka kama 16 kushuka. Kwa wastani nishati yake ilitoka kwa kasi ya megawati 32, sawa na vituo vinne vya Mugere, tena ikiwa imetawanyika kwenye ziwa zima na kupitia mlango mmoja ulio ng'ambo, Kongo. Kile kipande cha mlima kikishuka kwa dakika moja, kinatoa kwa kasi ya megawati 1,300, yaani mara 40 ya ziwa, na kinaitoa juu ya kijiji kimoja. Hapo hakuna hodi, wala wakati wa kubeba sufuria.

Kiwanja cha baba kiko kwenye mdomo wa kijito, mahali ambapo bonde linafunguka. Ukitazama vizuri, ardhi yake imetuna kama mgongo wa bakuli lililopinduliwa. Babu anasema ni kwa sababu mlima umekuwa ukimwaga hapo tangu zamani. Ndiyo maana ni tambarare, na ndiyo maana kiliuzwa kwa bei nafuu.

Sheria ya mita 150 ni nzuri. Inalinda ziwa dhidi ya uchafu wetu, na inatulinda sisi dhidi ya mawimbi. Ila mita 150 zinapimwa kwa kulala, na ziwa na mlima vyote viwili vinakwenda kwa kusimama. Kwenye tambarare ya Rumonge, mita 150 zinaweza zisitoshe kupandisha kizingiti hata mita 2. Gitaza mita hizohizo zinakutoa ufukweni na kukuweka kwenye mguu wa mlima. Mtu wa Muhuta anayelikimbia ziwa bila kuangalia nyuma anakimbilia kwenye nishati iliyo ndogo kwa jumla lakini ya ghafla.

Hitimisho

Nilipoanza kuandika nilidhani nina swali moja la kihistoria: maji yalikuwa wapi mwaka 1878? Swali hilo lina jibu, na jibu lake ni la maana, kwa kuwa linaonyesha kwamba sehemu ya ardhi tunayoigombania leo ni sakafu ya ziwa tuliyoazimwa kwa miaka 130 na kitu. Watu wa 1964 walijenga wakidhani maji ya kawaida ni yale waliyoyakuta wao, na sisi wa 2020 tulifanya vilevile. Kila kizazi kiliweka sifuri yake mahali maji yalipokuwa siku kilipofungua macho.

Lakini vitabu nilivyosoma vinazungumza sana juu ya ziwa na kidogo sana juu ya mlima. Sababu yake si ngumu kuiona. Wasafiri wa karne ya 19 walikuja kwa mtumbwi wakitafuta mito na milango ya mito. Hore aliweka alama za maji, wala hakuna aliyeweka alama kwenye mteremko wa Mumirwa. Maporomoko ya zamani yamebaki kwenye maumbo ya ardhi, kama ile tuta la kijito chetu, na kwenye vichwa vya wazee ambao hatuwaulizi mpaka ugomvi utokee. Ninawaomba wenzangu wanaotoka Muhuta, Rumonge, Nyanza-Lac na hata ng'ambo ya Uvira na Kalemie, wakirudi likizo, wawaulize wazee maswali mawili: maji yalifika wapi, na udongo ulifika wapi. Kisha wayaandike majibu pamoja na mwaka.

Nyumbani bado hatujahama. Babu amependekeza mgongo wa kilima ulio kusini ya kijito, ambako maji ya mvua yanagawanyika badala ya kukusanyika. Kiwanja cha huko ni ghali mara tatu, na matofali ya baba yamefunikwa kwa turubai yakisubiri pesa. Msimu wa mvua babu na baba hulala kwa zamu: mmoja akilala, mwingine anasikiliza mlima.

Kabla sijarudi Bujumbura, mimi na binamu yangu tulichukua rangi nyeupe tukaandika kwenye mwamba ulio karibu na mwembe, pale maji yalipoishia: MEI 2024. Kisha tulipanda kijito na kuandika kwenye jiwe kubwa, pale babu alipotuonyesha kuwa matope yaliishia: 2015. Ukisimama kwenye kizingiti chetu unayaona maandishi yote mawili, moja mbele na moja nyuma, na nyumba iko katikati.